Sauti ya Hedifoni za Bluetooth Ikiharibika: Jinsi ya Kulitafuta Kosa Hatua kwa Hatua

Mtu anaposema kwamba hedifoni zake za Bluetooth ni mbovu, mara nyingi huwa amekwisha kuhukumu kabla ya kuchunguza. Wimbo unaofika sikioni umepita mikono mingi: programu imeusoma kutoka kwenye faili, simu imeubana ili upite hewani, redio ndogo imeurusha, redio nyingine imeupokea na kuufungua, kisha spika ndogo ikautoa. Kosa linaweza kuwa popote katika safari hiyo, na kwa uzoefu wangu ni mara chache hedifoni zenyewe huwa ndizo zenye hatia. Mwongozo huu unaifuata safari hiyo kinyumenyume, kuanzia sikioni, kwa sababu makosa yaliyo karibu na sikio ndiyo yaliyo rahisi kupima na ndiyo yanayosahaulika zaidi.

Kabla ya kuanza, tayarisha wimbo mmoja unaoujua vizuri, uliokwisha kupakuliwa kwenye simu ili kasi ya intaneti isiingie katika kesi hii, pamoja na simu ya pili au kompyuta ya kulinganishia. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mambo matatu kwa mpigo na sauti ikapona, hutajua ni lipi lililoiponya, na kosa likirudi utaanza upya.

Hatua ya 1: Ipe dalili jina lake

Kusema tu kwamba sauti ni mbaya hakusaidii. Kuna sauti inayokatakata, kuna sauti nyembamba isiyo na besi, kuna sauti inayogeuka ghafla ikawa kama ya simu ya zamani, kuna sauti inayochelewa nyuma ya picha, na kuna upande mmoja unaosikika hafifu kuliko mwingine. Kila dalili ina chanzo chake, na ukiitaja sawasawa unaweza kuruka moja kwa moja hadi hatua inayoihusu.

Inafaa pia kukumbuka kwamba Bluetooth hubeba sauti ikiwa tarakimu. Haififii polepole huku ikichanganyika na mvumo kama redio ya FM inayopoteza kituo; kipande cha sauti ama hufika kizima ama hakifiki kabisa. Kwa hiyo mpasuko unaosikika kila besi inapogonga, au mvumo wa kudumu usiokoma hata muziki ukisimama, haukusababishwa na mawimbi kuwa dhaifu. Utafute kwenye spika, kwenye mipangilio ya kukuza sauti au kwenye faili lenyewe.

Hatua ya 2: Anza na sikio

Besi ikipotea, usiilaumu kodeki, yaani kanuni ya kuibana sauti ambayo tutaifikia katika hatua ya 6. Kwa hedifoni za kuchomeka ndani ya sikio, besi hutegemea mpira laini wa ncha kuziba tundu la sikio. Hewa ikipata upenyo, sauti nzito huvuja na kubaki zile nyembamba tu. Jaribio lake huchukua nusu dakika. Cheza wimbo wenye besi nzito, kisha ukibonyeze kila kipande ndani kidogo kwa kidole. Ikiwa besi inajaa ghafla na inatoweka mara tu unapoondoa kidole, mpira huo haukufai, na kipimo kikubwa zaidi ndiyo dawa. Masikio ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana, kwa hiyo si ajabu kuvaa mpira wa wastani upande mmoja na mkubwa upande wa pili.

Hedifoni kubwa za kufunika masikio nazo zina upenyo wao: mkono wa miwani unaopita chini ya mto, au mto wenyewe uliobonyea na kuchanika kwa kutumika. Upenyo huohuo huidhoofisha teknolojia ya kuzuia kelele, ambayo kazi yake hasa ni kufuta mivumo mizito ya chini kama ya injini.

Ikiwa ni upande mmoja tu ulio hafifu, vua mpira na uuangalie wavu wa spika chini ya mwanga mkali. Nta ya sikio hujikusanya pale na kufunika matundu polepole, kiasi kwamba mwenye hedifoni haoni siku upande huo ulipoanza kuzama. Ushike wavu ukiangalia chini ili uchafu uanguke nje, kisha usugue taratibu kwa brashi laini iliyo kavu. Sindano na njiti husukuma nta ndani au kutoboa wavu, na maji hayafai kabisa hapo. Kabla ya kufika huko, fungua mipangilio ya ufikivu kwenye simu na uhakikishe kwamba kitelezi cha uwiano wa kushoto na kulia kiko katikati; hukukisogeza kwa makusudi, lakini husogea.

Hatua ya 3: Chaji, kisha oanisha upya

Hatua hii ni fupi. Chaji hedifoni hadi zijae, na kwa zile zenye kasha, futa vituo vya chuma vya kuchajia kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa uchafu hapo huweza kuufanya upande mmoja ubaki na chaji kidogo bila mwenyewe kujua. Halafu futa uoanishaji wa zamani pande zote mbili: kwenye simu, fungua orodha ya vifaa vya Bluetooth na uchague kuisahau hedifoni hiyo, kwenye hedifoni, ifuate namna ya kuirejesha katika hali ya kiwandani kama kijitabu chake kinavyoeleza, kwa kawaida kwa kubonyeza kitufe kwa sekunde kadhaa hadi taa ibadilike. Watu wengi hufanya nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, kisha wakashangaa kuona tatizo limebaki palepale. Mwisho, ikiwa mtengenezaji ana programu ya simu, itumie kusasisha programu dhibiti ya hedifoni, yaani ile inayoziendesha kwa ndani, kwa sababu hitilafu nyingi za muunganisho hurekebishwa kwa njia hiyo.

Hatua ya 4: Chunguza hewa iliyo kati ya simu na sikio

Sauti inayokatakata ndiyo malalamiko makubwa kuliko yote, na kuielewa kunahitaji kujua Bluetooth inaishi wapi. Inatumia masafa ya gigahezi 2.4, na kwa usahihi zaidi kati ya megahezi 2,402 na 2,480. Bluetooth ya kawaida, ambayo ndiyo hubeba muziki katika hedifoni nyingi, huigawa njia hiyo katika chaneli 79 na kurukaruka kutoka moja hadi nyingine hadi mara 1,600 kwa sekunde. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 imekuwa na akili ya kuzitambua chaneli zilizosongamana na kuzikwepa. Ujanja huo hufanya kazi vizuri ajabu, lakini una kikomo, kwa sababu njia hiyohiyo inatumiwa na Wi-Fi ya masafa ya 2.4, na vipanya na kibodi zisizo na waya, na tanuri za mikrowevu zinazovujisha mawimbi kidogo karibu na gigahezi 2.45.

Adui mwingine ni mwili wako. Maji hufyonza mawimbi ya masafa haya, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Niliwahi kuhangaika karibu majuma mawili na hedifoni zilizokatika kila nilipotembea nje, ilhali ndani ya nyumba zilitulia kabisa. Nilizioanisha upya mara tatu, nikabadilisha kodeki, na nikafikia kutafuta nyingine za kununua. Siku moja nikaihamisha simu kutoka mfuko wa nyuma wa kushoto hadi mfuko wa shati, na kukatika kukaisha hapohapo. Ndani ya nyumba, mawimbi yalikuwa yakigonga kuta na dari na kunifikia sikioni kwa kuzunguka. Nje kwenye uwazi hapakuwa na ukuta wa kuyarudisha, kwa hiyo yalilazimika kupenya kiuno, mgongo na bega, na mengine hayakufika.

Basi fanya majaribio haya kwa mpangilio. Kwanza shika simu mkononi mbele ya kifua ukitembea. Ikiwa sauti imetulia, kosa ni mahali simu inapokaa, na dawa ni kuihamishia mfuko wa mbele au wa upande ule ambao kipande chake ndicho kinachopokea sauti kwanza. Katika hedifoni nyingi za vipande viwili, kipande kimoja huwa ndicho kikuu, na unaweza kukitambua kwa kujaribu mfuko wa kulia, kisha wa kushoto. Pili, kaa karibu na simu na uzime Wi-Fi yake kwa dakika tano. Kukatika kukikoma, hamishia simu na vifaa vingine kwenye mtandao wa Wi-Fi wa gigahezi 5, ambao hauingiliani na Bluetooth kabisa.

Tatu, kwa wanaotumia kompyuta, chomoa diski ya nje au kitovu (kigawanya matundu) chochote cha USB 3.0 kilicho karibu. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya kitaalamu yaliyoonyesha kwamba vifaa na kebo za USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayoangukia katika masafa ya gigahezi 2.4. Ikiwa unatumia kidongo cha Bluetooth, yaani kijifaa cha kuipa kompyuta Bluetooth, kilichochomekwa nyuma ya kompyuta kando ya diski kama hiyo, kitoe hapo kwa waya mfupi wa kurefusha wa USB ili kikae mbali kidogo. Nimeona jambo hili dogo likimaliza matatizo ambayo watu walikuwa wamekwisha kuyazoea.

Hatua ya 5: Angalia kama maikrofoni imewashwa

Unasikiliza muziki safi kwenye kompyuta. Unajiunga na mkutano wa video. Ghafla muziki unageuka kama mtu anayesemea ndani ya mtungi, nao mkutano wenyewe unasikika vivyo hivyo. Hedifoni hazijaharibika. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili tofauti za kubeba sauti. Ya kwanza, iitwayo A2DP, hubeba muziki wa stirio, yaani wa kushoto na kulia, kwa ubora mzuri lakini huenda upande mmoja tu, kutoka simu hadi sikioni. Ya pili, iitwayo HFP, iliundwa kwa ajili ya mazungumzo, nayo hubeba sauti kwenda na kurudi kwa kuibana sana. Muziki wa kawaida hupimwa mara 44,100 kwa sekunde. Njia ya mazungumzo kwa kawaida hupima mara 8,000, au 16,000 katika aina yake iliyo bora. Kwa kuwa masafa ya sauti yanayoweza kubebwa hayazidi nusu ya idadi hiyo, kila kilicho juu ya hezi 4,000 au 8,000 hukatwa, na humo ndimo unamokaa mng'ao wa matoazi na ukali wa herufi kama s na f.

Programu yoyote inapoiomba maikrofoni ya hedifoni, kifaa huhama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili. Kwa hiyo kwenye programu ya mkutano, acha hedifoni ziwe za kusikilizia tu, na upande wa maikrofoni uchague ile iliyomo ndani ya kompyuta au ya nje yenye waya. Katika baadhi ya matoleo ya Windows hedifoni moja huonekana mara mbili katika orodha ya vifaa vya sauti. Chagua ile iliyoandikwa kuwa ni ya stirio. Sauti ikibaki ya mtungini hata baada ya mkutano kwisha, tafuta programu iliyobaki nyuma ikiwa bado imeishikilia maikrofoni, uifunge, kisha uikate hedifoni na kuiunganisha tena. Kwenye simu, msaidizi wa sauti au programu ya kurekodi inaweza kufanya hila hiyohiyo.

Naliweka jambo hili mbele ya kodeki kwa makusudi, kwani tofauti kati ya njia hizi mbili husikika hata na mtu asiyejali muziki, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu tofauti nyingi za kodeki.

Hatua ya 6: Jua kodeki inayotumika sasa hivi

Kodeki ni kanuni ya kuibana sauti upande wa simu na kuifungua upande wa hedifoni. Sauti ya diski ya CD, ikipimwa mara 44,100 kwa sekunde kwa biti 16 katika njia mbili, huhitaji takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. Bluetooth haipendi kubeba mzigo huo wote, kwa sababu lazima ibaki nafasi ya kurudia vipande vilivyopotea njiani.

SBC ndiyo kodeki ambayo kila hedifoni ya muziki inayotumia A2DP inalazimika kuwa nayo, na kiwango chake cha juu kinachopendekezwa ni kilobiti 328 kwa sekunde. AAC ndiyo inayotumiwa na iPhone, na huko hufanya kazi vizuri sana. Kwenye simu za Android ubora wake hutegemea jinsi mtengenezaji wa simu alivyoitekeleza. aptX hutumia kilobiti 352 na aptX HD 576. LDAC, iliyobuniwa na Sony mwaka 2015 na kuingizwa katika Android kuanzia toleo la 8.0, ina ngazi tatu: kilobiti 330, 660 na 990. Kuna pia LC3, kodeki ya mfumo mpya wa LE Audio uliotangazwa mwaka 2020, ambayo hutoa sauti nzuri kwa kilobiti chache na kupunguza sana pengo kati ya muziki na mazungumzo.

Sharti ni kwamba kodeki iwepo pande zote mbili. Hedifoni zenye LDAC zikiunganishwa na simu isiyo nayo zitarudi kwenye kodeki nyingine wanayoijua wote wawili, mara nyingi AAC au SBC, bila kukuambia neno. Ili kuona kinachotumika kwenye Android, fungua Mipangilio, nenda kwenye sehemu ya taarifa kuhusu simu, na uguse nambari ya muundo mara 7 hadi chaguo za wasanidi programu zifunguke. Ndani yake tafuta kodeki ya sauti ya Bluetooth huku hedifoni zikiwa zimeunganishwa na muziki ukicheza. Usiguse mambo mengine yaliyomo humo kwa udadisi tu. Mara nyingi chaguo utakaloweka hapo hurudi lilivyokuwa baada ya kuzikata hedifoni, kwa hiyo ikiwa ukurasa wa hedifoni hiyo katika orodha ya Bluetooth una swichi ya sauti ya ubora wa juu, itumie hiyo kwanza.

Usikimbilie namba kubwa. LDAC ya kilobiti 990 inahitaji hewa tulivu. Ukiilazimisha katikati ya umati wenye simu nyingi, itakatika wakati SBC ingepita bila shida. Ukiwa nje, acha simu ichague yenyewe kiwango. Halafu angalia chanzo: ikiwa programu yako ya muziki imewekwa katika hali ya kubania data na inaleta wimbo wa kilobiti 96, hakuna kodeki itakayorudisha kilichokwisha kutupwa. Vilevile namba ya toleo la Bluetooth iliyoandikwa kwenye boksi, iwe 5.0 au 5.3, peke yake haisemi lolote kuhusu ubora wa muziki.

Mwenye shaka na ajifanyie mtihani wa haki. Mwombe mtu akubadilishie kodeki bila kukuonyesha, mara kumi, nawe uandike kila mara unadhani ni ipi. Mimi nilipofanya hivyo kati ya AAC na LDAC nilikosea zaidi ya mara nne, na tangu hapo nimepunguza maneno.

Hatua ya 7: Sawazisha viwango vya sauti na kisawazishi

Baadhi ya hedifoni zina kiwango chao cha sauti kilicho tofauti na cha simu, na viwango hivyo viwili vikigongana utapata sauti ndogo isiyopanda. Pandisha cha simu hadi karibu na juu, kisha urekebishe kwa kitufe cha hedifoni. Hakikisha pia kwamba kisawazishi, yaani mpangilio wa kuongeza au kupunguza besi na sauti za juu, kimewashwa mahali pamoja tu. Programu ya muziki ikiongeza besi, simu ikaongeza tena, na programu ya hedifoni ikaongeza mara ya tatu, mpasuko hauepukiki. Unapotaka besi isikike zaidi, jaribu kupunguza sauti za kati na za juu badala ya kuipandisha besi yenyewe.

Ukijikuta unapandisha sauti ili kuishinda kelele ya nje, rudi hatua ya 2 ukakague mpira wa ncha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma kwa sauti ya desibeli 80, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda huo unavyopungua kwa kasi.

Hatua ya 8: Pima uchelewaji

Kubana, kurusha, kuhifadhi akiba kidogo na kufungua vyote hula muda. Kwa SBC ya kawaida, uchelewaji wa milisekunde 150 hadi 250 ni jambo la kutarajiwa. Kodeki ya aptX Low Latency iliundwa kuushusha hadi karibu 40. Programu nyingi za video huujua uchelewaji huo na kuichelewesha picha ili midomo ifuatane na maneno, ndiyo maana filamu inaweza kuwa sawa kabisa huku mchezo kwenye simu hiyohiyo ukitoa mlio wa risasi baada ya adui kuanguka. Kama hedifoni zina hali ya michezo, iwashe, ukijua kwamba akiba ikipunguzwa, hatari ya kukatika huongezeka. Kwa anayepiga kinanda au kurekodi sauti yake, Bluetooth ya kawaida haifai, atumie waya.

Tatizo la hedifoni zinazounganishwa na vifaa viwili kwa pamoja huingia hapa pia: arifa ndogo kwenye kompyuta inaweza kuunyamazisha wimbo wa simu. Zima uunganishaji huo kwa siku moja uone kama tatizo linaondoka nao.

Hatua ya 9: Amua kama ni za kurudisha

Sasa ziunganishe na kifaa cha pili ambacho hakijawahi kuzijua, ucheze wimbo uleule katika sehemu tulivu, simu ikiwa mbele yako. Dalili ikibaki kwenye simu ya kwanza tu, kosa ni la simu hiyo, na kuweka upya mipangilio yake ya mtandao kwa kawaida hutosha, ingawa utalazimika kuingiza tena manenosiri ya Wi-Fi. Dalili ikizifuata hedifoni kwenye vifaa vyote viwili, hasa mpasuko wa upande mmoja au chaji inayokwisha upande mmoja mapema kuliko mwingine, basi ni ubovu wa vifaa na hakuna mpangilio utakaoutibu. Kama bado ziko ndani ya muda wa dhamana, mpelekee muuzaji pamoja na kasha lake na karatasi yenye majaribio uliyofanya, ukitaja simu ulizotumia na dakika ambayo kosa lilitokea katika wimbo. Fundi mwenye karatasi hiyo mkononi hatakwambia kwanza uende ukazioanishe upya.